Kipanya kikigoma kwenye Linux: kwanza jua nani hakisikii

"Fundi, mausi imekufa." Hiyo ndiyo kauli ninayoletewa, na mara nyingi kipanya chenyewe ni kizima. Kishale kinaruka-ruka, au ukibofya mara moja faili inafunguka kana kwamba umebofya mara mbili, au gurudumu linapandisha ukurasa badala ya kuushusha. Yote hayo mteja huyaita kufa. Mimi nahudumia kompyuta za mezani za mtumba. Nyingi nimezipakia Linux Mint yenye Xfce (eneo-kazi jepesi) kwa kuwa haili memori, na chache zina Ubuntu. Ninayoeleza hapa nimeyafanya kwenye mashine za aina hizo mbili.

Kosa la karibu kila mtu, nami nililifanya kwa miaka, ni kukimbilia dirisha la mipangilio na kuanza kuvuta vitelezi. Mwendo wa mkono wako hupitia vituo vinne kabla kishale hakijasogea: kipanya na waya wake, kerneli (kiini cha Linux kinachoongea na vifaa), libinput inayotafsiri kinachotoka kwenye kerneli, kisha eneo-kazi lenyewe, yaani Xfce au GNOME. Kitelezi unachokivuta kinagusa vituo viwili vya mwisho tu. Kama tatizo liko kituo cha kwanza, utavuta mpaka usiku uingie.

Hatua ya 1: Jiandae kufanya kazi bila kipanya

Bonyeza Ctrl+Alt+T, terminali itafunguka kwenye Mint na kwenye Ubuntu. Sakinisha zana mbili:

`sudo apt install libinput-tools evtest`

Maelezo haya yasome kwenye simu, kwa sababu kuna mahali utalazimika kutoka na kuingia tena.

Hatua ya 2: Tundu, waya na meza

Chomoa kipanya. Andika `sudo dmesg -w`, kisha kichomeke tena ukiwa unatazama skrini. Kipanya kizima kitatoa mistari kadhaa papo hapo, mmoja ukitaja "new low-speed USB device" au "full-speed", na mwingine jina lake. Kukiwa kimya kabisa, jaribu tundu lingine. Kukiwa bado kimya, shika waya pale unapoingilia kwenye kipanya na uukunje taratibu. Mistari ikitokea na kupotea kadiri unavyokunja, waya umekatika ndani na hakuna amri itakayouunga.

Mashine za zamani bado zina tundu la duara la PS/2. Hilo halikutengenezwa kwa kuchomeka na kuchomoa kompyuta ikiwa inawaka. Zima, chomeka, washa.

Kwa vipanya visivyo na waya, nina kisa. Karani mmoja wa steshenari alikuwa akilalamika kwamba kishale kinakwama kila anaponakili picha za wateja kwenye diski ya nje. Kunakili kukiisha, kishale kinarudi kuwa laini. Jioni nzima niliimaliza pale. Nilibadilisha kasi, nikafuta mipangilio, nikaweka hata kerneli nyingine. Kumbe kipokezi chake, kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi ya kipanya, kilikuwa kimechomekwa nyuma ya mashine, kwenye tundu la buluu la USB 3.0, ubavuni mwa ile diski. USB 3.0 ikiwa inafanya kazi hutoa kelele ya redio inayofika masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo masafa ya vipanya vingi visivyo na waya. Intel walilieleza jambo hilo kwa maandishi tangu 2012. Niliunga waya mfupi wa kurefushia USB, kipokezi kikakaa juu ya meza karibu na kipanya, na habari ikaisha. Tundu la mbele la USB 2.0 nalo lingetosha.

Halafu kuna kaunta za kioo. Kipanya cha mwanga hupiga picha uso kilicholalia na kuzilinganisha, na kioo kitupu hakikipi cha kulinganisha. Weka karatasi ya A4 chini yake ndipo uendelee.

Hatua ya 3: Muulize libinput anachosikia

Kama dmesg imekiona kipanya, sasa andika:

`sudo libinput debug-events`

Sogeza kipanya, bofya, zungusha gurudumu. Mkono ukienda utaona POINTER_MOTION. Ukibofya utaona mistari miwili, kitufe kikiingia na kikitoka:

`event7 POINTER_BUTTON +2.345s BTN_LEFT (272) pressed`
`event7 POINTER_BUTTON +2.441s BTN_LEFT (272) released`

Hapa ndipo panapoamua kila kitu, kwa hiyo usipapite haraka. Kila unachofanya kikionekana vizuri hapa huku kwenye skrini mambo yameharibika, kosa ni la eneo-kazi: nenda hatua ya 5. Hata hapa kukiwa na fujo, kwa mfano gurudumu linazungushwa upande mmoja lakini thamani zinabadilika mara chanya mara hasi, basi kosa liko chini: kipanya, tundu au kipokezi. Gurudumu la namna hiyo mara nyingi lina vumbi na nywele ndani. Lifungue na ulipulize.

Hatua ya 4: Mbofyo mmoja unaogeuka miwili

Huu ndio ugonjwa wa vipanya vilivyozeeka. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo yenye ulimi mwembamba wa chuma. Ulimi ukichoka, ukibonyeza unadunda na kugusa mara mbili. Mteja anashangaa dirisha linafungwa pamoja na lililokuwa nyuma yake, au faili anayoiburuta inadondoka njiani.

libinput inaujua ugonjwa huu na ina dawa ndani yake: midundo ya haraka sana, ya takribani milisekunde 25 kushuka chini, huweza kuichuja. Kwa hiyo debug-events inaweza kukuonyesha mbofyo safi wakati swichi imeshaanza kuoza. Ukitaka ukweli mbichi, tumia `sudo evtest`, chagua namba ya kipanya chako, kisha bonyeza kitufe cha kushoto mara moja tu, polepole. Unatarajia BTN_LEFT yenye value 1, halafu value 0 ukiachia. Ukipata 1, 0, 1, 0 kwa kidole kilichobonyeza mara moja, hukumu imeshatoka. Mdundo ukichelewa kupita uwezo wa libinput kuuchuja, hakuna mpangilio wa kuuponya. Nunua kingine, au kama unajua kulehemu, hamisha swichi kutoka kipanya kibovu ulichokitupa kwenye boksi. Mimi sikivunji kipanya chochote kabla sijang'oa swichi zake.

Lipo tatizo la kinyume, nalo huwapata zaidi wazee: wanabofya mara mbili lakini kompyuta inahesabu mibofyo miwili tofauti. Hapo kifaa hakina kosa. Fungua mipangilio ya kipanya kwenye Xfce, uongeze muda wa mbofyo mara mbili hadi milisekunde 600 au zaidi, umpe mzee ajaribu mwenyewe.

Hatua ya 5: Kasi ya kishale

Kabla ya amri yoyote, tazama kama kipanya kina kitufe kidogo nyuma ya gurudumu. Hicho hubadilisha DPI, yaani wepesi wa kipanya kuhisi mwendo, na watu hukigusa bila kujua, kisha wanakuja kulalamika kwamba "Linux imeharibu mausi". Kibonyeze mara moja moja uone.

Kama si hicho, jua kwanza uko kwenye mfumo gani wa kuonyesha:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Mint yenye Xfce itajibu x11. Ubuntu, tangu toleo la 21.04, kwa kawaida itajibu wayland. Tofauti hii imewapotezea watu siku nzima: amri za xinput zilizojaa mtandaoni ni za x11. Ukiziandika kwenye Wayland utaona vifaa vyenye majina kama xwayland-pointer, utavibadilisha, na kishale kitabaki kama kilivyo.

Kwenye Ubuntu ya Wayland tumia:

`gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse accel-profile 'flat'`
`gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse speed 0.2`

Kwenye Mint ya x11, orodhesha vifaa kwa `xinput list`, kisha tazama sifa za kipanya chako:

`xinput list-props "pointer:USB OPTICAL MOUSE"`

Jina liwe lile uliloliona kwenye orodha yako. Tumia jina, usitumie namba ya id, kwani namba hubadilika ukichomoa na kuchomeka. Neno pointer: lililo mbele linasaidia pale kipokezi kimoja kinapojitangaza kama kipanya na kibodi kwa jina lile lile.

Sifa mbili ndizo za kushughulikia. "libinput Accel Speed" ni kasi, kutoka -1 hadi 1. "libinput Accel Profile Enabled" ni tabia ya kasi: ile iitwayo adaptive humfanya kishale aruke mbali zaidi mkono ukienda haraka, na flat huweka uwiano ule ule siku zote. Wanaochora na wanaocheza gemu karibu wote hupenda flat. Karani wa kuchapa barua hata hatambui. Kuweka flat:

`xinput set-prop "pointer:USB OPTICAL MOUSE" "libinput Accel Profile Enabled" 0 1`

Hesabu tarakimu zilizoonyeshwa na list-props kabla ya kuandika. Matoleo ya zamani yana mbili, mapya yana tatu, na hapo utaandika 0 1 0.

Gurudumu linaloenda kinyume ni "libinput Natural Scrolling Enabled": weka 0. Vitufe vya kushoto na kulia vilivyobadilishana ni "libinput Left Handed Enabled": 0 pia.

Hatua ya 6: Mipangilio inayorudi yenyewe

Umeweka, imekubali, umewasha upya, imerudi kule kule. Amri za xinput hazihifadhiwi popote. Kwa hiyo watu wanatengeneza faili ya kudumu ya Xorg (programu inayoendesha x11), na bado inapuuzwa. Mwenye kosa kwenye Xfce ni xfsettingsd, programu inayosimamia mipangilio yake. Kila unapoingia, huyu husoma kumbukumbu zake na kuziandika juu ya chochote alichokikuta. Tazama anachokumbuka:

`xfconf-query -c pointers -l -v`

Ukiona jina la kipanya chako na thamani za zamani, umempata. Mfutie kumbukumbu:

`xfconf-query -c pointers -p / -r -R`

Sasa ndipo faili ya kudumu itakuwa na nguvu. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /etc/X11/xorg.conf.d`, kisha faili 90-kipanya.conf ndani yake yenye maneno haya, halafu utoke na kuingia tena:

```
Section "InputClass"
    Identifier "kipanya cha kaunta"
    MatchIsPointer "on"
    MatchProduct "USB OPTICAL MOUSE"
    Driver "libinput"
    Option "AccelProfile" "flat"
    Option "AccelSpeed" "0.2"
EndSection
```

Faili hizi husomwa kwa mpangilio wa namba, kwa hiyo 90 itakuja baada ya 40-libinput.conf ya mfumo na kuwa na kauli ya mwisho. Ukisahau EndSection unaweza kuwasha na kukuta skrini nyeusi. Usitishike: bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nenosiri lako, futa faili uliyoitengeneza, washa upya. Mimi imenitokea mbele ya mteja, na ninaikumbuka EndSection mpaka leo.

Hatua ya 7: Kipanya kinacholala

Dalili yake: ukikiacha kidogo, mguso wa kwanza hauitikiwi, kisha kinaamka. Linux inaweza kukata umeme wa kifaa cha USB kisichotumika. Kwa kawaida vipanya haviguswi, lakini mtu akiwa amewasha `powertop --auto-tune` ili kuokoa umeme, navyo vinalazwa. Tafuta anwani ya kipanya:

`grep . /sys/bus/usb/devices/*/product`

Tuseme ni 1-2. Andika `cat /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control`. Jibu likiwa auto, kiamshe:

`echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control`

Kiache dakika tano bila kukigusa, kisha kisogeze. Kikiitika mara moja, ondoa auto-tune kwenye orodha ya vitu vinavyoanza na kompyuta, la sivyo ukiwasha kesho asubuhi kitakuwa kimelala tena.