Kupanga chumba Dar ukiwa ndiyo kwanza umeanza kazi

Anza na hesabu ya kuingilia, maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi 1. Chumba cha 100,000 kwa miezi 6 kinakutaka uwe na 700,000 mkononi, godoro bado.

Kakague mara mbili: mchana, kisha saa 2 usiku uone taa na njia ya kutoka kituoni. Tazama ukuta usawa wa goti. Mstari wa kahawia, au rangi mpya iliyoishia hapo tu, ni alama ya maji ya mvua. Ukiwa karibu na bonde la Msimbazi, achana nacho. Fungua bomba. Uliza LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya wangapi, kwani mita moja kwa vyumba vitano ni ugomvi wa friji na pasi kila wiki.

Usimlipe dalali kodi. Mlipe mwenye nyumba, baada ya kuthibitisha kwa mjumbe au serikali ya mtaa kwamba nyumba ni yake. Chumba kimoja huweza kupangishwa kwa watu watatu. Mkataba uandike tarehe, kiasi na muda wa notisi. Ukikabidhiwa funguo, badilisha kitasa siku hiyohiyo.