Ufunguo wa siri kwa mwanga: jaribio la BB84 kwa skrini za kompyuta zilizokufa

Chukua karatasi mbili za polaroidi, zile za plastiki zinazopitisha mwanga unaotetema kwa mwelekeo mmoja tu, uzipange moja mbele ya nyingine, kisha uizungushe ya pili polepole. Mwanga unafifia hadi giza. Sasa, bila kuzigusa hizo mbili, chomeka ya tatu katikati yake ikiwa imeinama digrii 45. Mwanga unarudi. Nafundisha fizikia katika shule ya upili hapa Kisumu, na sijaona somo linalowanyanyua wanafunzi vitini kama hili: umeongeza kizuizi, na mwanga umeongezeka. Kila mwaka yuko mmoja anayekuja mbele kuishika ile karatasi mwenyewe, aichomoe, aichomeke tena, mara tano, mara sita, kabla hajakubali.

Kinachomsumbua mwanafunzi huyo ndicho kiini cha mawasiliano ya siri ya kwantamu, yaani yanayotegemea tabia ya chembe ndogo kabisa kama zile za mwanga. Karatasi ya polaroidi haifanani na chujio la chai, linalozuia majani na kupitisha chai ile ile. Inauliza mwanga swali, na mwanga unaotoka ng'ambo umekuwa mwingine kulingana na swali lililoulizwa. Mwaka 1984 Charles Bennett wa Marekani na Gilles Brassard wa Kanada waliligeuza jambo hili kuwa itifaki, yaani utaratibu, ya kugawana ufunguo wa siri (orodha ya 0 na 1 ya kufungia na kufungulia ujumbe), inayoitwa BB84 kwa herufi za majina yao. Anayechungulia njiani lazima aulize, na akiuliza anaacha alama.

Hapa nakuonyesha namna ya kuijenga kwenye meza kwa vitu vya kuokota, na pia mahali ambapo meza hiyo inakoma kuwa ya kwantamu. Hilo la pili nalishikilia sana. Nimewahi kusikia mtoto akiambiwa kwamba ametuma fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja kwa kalamu ya leza, akaondoka akiwa na furaha na jambo lisilo kweli.

Hatua ya 1: Pata karatasi za polaroidi

Kila skrini ya LCD ina karatasi mbili za polaroidi, moja mbele ya kioo na moja nyuma. Mafundi wa kompyuta huwa na rundo la skrini za laptopu zilizopasuka. Ukieleza ni za maabara ya shule, wengi wanakupa bure. Skrini moja inatosha darasa zima. Epuka skrini za simu za OLED: karatasi yake ina tabaka la ziada linaloubadilisha mtetemo wa mwanga, na itakuchanganya.

Toa kwanza taa ya nyuma. Skrini za zamani zina kijibomba chembamba cha kioo chenye zebaki, usikivunje. Loweka kioo kwenye maji ya uvuguvugu, inua pembe moja kwa wembe, kisha vuta taratibu, karibu sambamba na kioo, ukiwa umevaa glavu. Gundi itakayobaki isugue kwa kitambaa chenye sabuni. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha usiiguse kabisa. Karatasi yangu ya kwanza iliingia ukungu kwa sababu hiyo. Ile ya nyuma ndiyo nzuri zaidi, maana ya mbele mara nyingi imekwaruzwa kiwandani ili kupunguza mng'ao, na hutawanya mwanga.

Hatua ya 2: Tafuta mhimili, wala usiuamini ukingo

Mhimili ni mwelekeo wa mtetemo ambao karatasi huupitisha. Hapa ndipo nilipopotea. Nilikata vipande viwili nikifuata ukingo wa skrini, nikachukulia kwamba ukingo wa juu ni sifuri. Tulipoweka vyote viwili kwenye sifuri, mahali mwanga ulipopaswa kuwa mwingi kuliko pote, giza likatanda. Nilipoteza kipindi kizima nikikagua taa na betri. Kumbe skrini nyingi za laptopu za bei nafuu hubandikwa polaroidi ikiwa na mhimili wa digrii 45 kutoka ukingoni. Kipande kimoja nilikigeuza uso wakati wa kukibandika, 45 yake ikawa 135, na viwili vikakatana kama msalaba.

Mhimili wa kweli utaupata kwenye maji. Mwanga wa jua unaoakisiwa na uso wa maji hutetema zaidi kwa mlalo, na pembe ikiwa sawasawa hutetema kwa mlalo pekee. Kwa maji, pembe hiyo hutokea jua likiwa digrii 37 hivi juu ya upeo, na kwetu hapa ni kama saa kumi alasiri. Étienne-Louis Malus aliligundua jambo hili mjini Paris mwaka 1808, akitazama mng'ao wa jua kwenye madirisha ya Jumba la Luxembourg kupitia jiwe angavu la kalsiti.

Mimi nilikwenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Saa hiyo upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza, mawimbi yanavunja mng'ao vipande vipande, hakuna kinachosomeka. Nikaazima beseni jeusi kwa mama mmoja aliyekuwa akiosha samaki, nikachota maji, nikaliweka chini mpaka yakatulia. Tanguliza kamera ya simu badala ya jicho, kwa usalama. Shika karatasi mbele ya kamera, elekeza kwenye mng'ao, na uizungushe. Itafika mahali mng'ao unazimika na sakafu ya beseni inaonekana wazi, na kila chembe ya mchanga iliyotua chini. Hapo mhimili wa kupitisha umesimama wima. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, na uandike "JUU" upande unaokutazama, usije ukaigeuza uso kama mimi. Tangu siku hiyo natumia beseni uani shuleni. Mhimili ni ule ule.

Hatua ya 3: Vishikizo

Toboa katikati ya vifuniko vinne vya mikebe ya siagi, ubandike polaroidi, kisha chora kwenye ukingo alama za 0, 45, 90 na 135 kwa kutumia kipimapembe. Kifuniko kizunguke ndani ya kadibodi iliyosimama, yenye mshale mmoja juu.

Hatua ya 4: Taa na sensa

Tumia LED nyekundu ya milimita 5, betri mbili za volti 1.5 na rezista ya omu 100. Iweke ndani ya bomba la kadibodi lililowekewa karatasi nyeusi. Stima ikipotea, somo linaendelea.

Najua kalamu ya leza inavutia. Nilianza nayo, nikaiacha. Mwanga wa leza hizi tayari una mwelekeo wake wa kutetema, kwa hiyo ukiweka polaroidi kwenye 0 mwanga unapita, kwenye 90 unazimwa, na hata kuizungusha kalamu yenyewe kunabadilisha vipimo. Tunahitaji mielekeo yote minne iwe na nguvu sawa, na LED inatupa hilo bila taabu. Isitoshe, kalamu za sokoni mara nyingi ni kali kuliko zilivyoandikwa, na macho ni ya watoto wa watu.

Kupima, simu nyingi za Android zina sensa ya mwanga karibu na kamera ya mbele, na programu ya bure ya phyphox huisoma. Weka simu ndani ya boksi lenye tundu, sentimita 30 au 40 kutoka kwenye taa. Andika kwanza kipimo cha giza, taa ikiwa imezimwa. Utakitoa kwenye kila kipimo kinachofuata.

Hatua ya 5: Jaribu meza kabla ya kuiamini

Weka polaroidi mbili, ya kwanza ibaki kwenye 0 na ya pili uizungushe. Mwanga unaopita hufuata mraba wa kosaini ya pembe iliyo kati yake. Kwa hiyo kama 0 inakupa luksi 80, tegemea 60 kwenye digrii 30, 40 kwenye 45, 20 kwenye 60, na karibu sifuri kwenye 90. Ukipata kwenye 45 kipimo kilicho mbali na nusu, rudi hatua ya 2. Usisonge mbele. Makosa ya mhimili yatajifanya mdukuzi, yule anayechungulia njiani, baadaye, na utamshtaki asiyekuwepo.

Hatua ya 6: Tuma ufunguo

Darasani mtumaji ni Akinyi, mpokeaji ni Baraka. Kuna jozi mbili za mielekeo, na kila mwelekeo unabeba biti moja, yaani 0 au 1. Jozi ya jumlisha (+) ni digrii 0 kwa biti 0 na 90 kwa biti 1. Jozi ya kuzidisha (×) ni 45 kwa biti 0 na 135 kwa biti 1.

Akinyi anarusha shilingi mara mbili, ya kwanza kuchagua jozi na ya pili kuchagua biti, anapanga polaroidi yake, anawasha taa. Baraka naye amerusha shilingi yake kuchagua jozi: akitaka jumlisha anaweka 0, akitaka kuzidisha anaweka 45. Mwanga ukiwa mwingi, anaandika 0. Ukiwa giza, 1. Ukiwa nusu, jozi zao zimepishana. Hapo anarusha shilingi nyingine na kuandika itakachosema. Ile shilingi ya mwisho inakaimu nafasi ya fotoni. Fotoni moja haiwezi kugawanyika nusu, na ikikutana na polaroidi iliyo digrii 45 kutoka kwenye mwelekeo wake hupita au haipiti, bila yeyote kuweza kutabiri.

Vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 vinatosha kutuma mara 80. Kisha wanatangaziana jozi kwa sauti, darasa zima likisikia, lakini biti hawazitaji kamwe. Waliposhabihiana wanabakiza, kwingine wanafuta. Hubaki kama 40.

Kati ya hizo watoe 20 za kukaguana hadharani, na 20 zilizosalia ndizo ufunguo. Kila herufi kwa biti tano, A ikiwa 00000, B 00001, D 00011 na kuendelea, biti 20 zinabeba herufi nne. Darasa langu hutuma DALA, yaani nyumbani kwa Kijaluo. Linganisha biti ya ujumbe na ya ufunguo: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Baraka anarudia hesabu ile ile kwa ufunguo wake na neno linatokea.

Hatua ya 7: Mweke Mdukuzi katikati

Mdukuzi anakaa kati yao na polaroidi mbili, sensa na taa yake. Anapima kama Baraka, kisha anatuma upya kama Akinyi. Nusu ya wakati anakosea jozi, na akikosea, nusu ya wakati Baraka anapata biti isiyo sahihi hata pale jozi zake na za Akinyi zilipofanana. Kwa hiyo kwenye zile 20 za ukaguzi tegemea makosa 5 hivi. Uwezekano wa kuponyoka bila kosa hata moja ni robo tatu kuzidishwa yenyewe mara 20, yaani pungufu ya 4 kwa 1,000. Ukikagua 10 tu, unampa zaidi ya 5 kwa 100. Wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe kabla ya kufunua karatasi.

Hatua ya 8: Mshinde Baraka kwa kipande cha kioo

Wengi huishia hatua ya 7. Mimi naomba usiishie hapo. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kisimamishe kati ya Akinyi na Baraka kikiwa kimeinama kidogo. Kama asilimia 8 ya mwanga inarudi pembeni. Mdukuzi anaikusanya na kuipima kwa jozi zote mbili, na mwanga mwingine unaendelea hadi kwa Baraka bila kuguswa. Anazijua biti zote. Ukaguzi hauoni kosa hata moja.

Sababu ni wingi. Kalamu ya leza ya miliwati 1 hutoa fotoni zipatazo trilioni 3,000 kila sekunde. LED yetu ni hafifu zaidi, lakini kila mmweko bado una fotoni nyingi mno zenye mwelekeo mmoja, na kuiba chache ni kama kuchota kikombe ziwani. Usalama wa BB84 unakuja pale tu biti inapobebwa na fotoni moja, ambayo huwezi kuigawa wala kuinakili.

Bennett, Brassard na wenzao walipoijenga kwa mara ya kwanza mwaka 1989, walitumia LED pia, na mwanga ulisafiri hewani kama sentimita 32, sawa na meza yetu. Tofauti ni kwamba waliufifisha hadi wastani wa kama fotoni moja kwa kila mimweko kumi. Mingi ilikuwa mitupu. Hata hivyo, kwa wastani huo, katika kila mimweko 100 yenye fotoni, kama 5 hubeba zaidi ya moja. Mwanya haujaisha, umepungua.

Basi utajuaje kweli una fotoni mojamoja? Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect walilijibu swali hilo Ufaransa mwaka 1986. Aspect ndiye aliyeshiriki tuzo ya Nobel ya 2022, na ujanani aliwahi kufundisha Kamerun. Walipeleka mwanga kwenye kioo kinachopitisha nusu na kuakisi nusu, wakaweka kihesabu fotoni kila upande. Mwanga wa kawaida, hata ukiufifisha namna gani, mara nyingine utaviliza vihesabu vyote viwili kwa pamoja. Kwa chanzo chao, ambapo atomi hutoa fotoni mbili zikifuatana na ya kwanza ikatumika kutangaza ya pili, kulia pamoja kulipungua mno chini ya kiwango hicho: ama upande huu, ama ule. Ukibahatika kuingia na wanafunzi wako kwenye maabara yenye vihesabu hivyo, ombeni kuonyeshwa hilo kwanza, na mkae mhesabu.