Phrasal verbs kwa wanaofanya kazi na wageni Mbeya: anza na Kiswahili chako

Mwongozo huu ni wa wenzangu mnaopandisha wageni Mlima Ngozi, mnaowapeleka hifadhi ya Kitulo na ufukwe wa Matema, madereva wa teksi na bajaji, na ninyi mnaokaa mapokezi kwenye nyumba za wageni. Kiingereza cha sekondari mnacho. Kinachopiga watu chenga ni vile vitenzi vya maneno mawili au matatu, ndizo hizo phrasal verbs: mgeni anasema "get off" au "run out of", kila neno peke yake unalijua, lakini yakikaa pamoja hujui anataka nini.

Orodha za A mpaka Z zimejaa intaneti, na mimi sizipendi. Ukikariri "give in, give out, give up, give away" asubuhi, kufika mchana zote zimekuwa uji. Sisi tutaanzia upande wa pili, kwenye Kiswahili unachokitumia kazini kila siku.

Hatua ya 1: Jua mchezo wenyewe

Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi. Una funga, ukapata fungua, fungia, fungana. Kiingereza hakina mkia wa kuchezea namna hiyo, kwa hiyo kinaweka kineno nyuma ya kitenzi: "up", "off", "out", "on", "down". Mara nyingine kineno hicho kinaonyesha mwelekeo tu, kama "go down", kushuka. Mara nyingine "up" inaleta maana ya kumaliza kabisa: "fill up" ni kujaza mpaka pomoni, "use up" ni kutumia mpaka kiishe. Na mara nyingine maana inahama kabisa: "give up" ni kukata tamaa, hakuna anayempa mtu kitu. Hizo za mwisho usizitafutie mantiki. Zimeze nzimanzima kama neno moja.

Hatua ya 2: Chukua kitenzi kimoja cha Kiswahili, ukipasue

Hapa ndipo penye kazi, kaa napo. Anza na *panda* na *shuka*. Kwetu mtu anapanda basi, anapanda bajaji, anapanda mlima, neno ni lile lile. Mwingereza anatenganisha. Chombo ambacho ukiingia unaweza kusimama na kutembea ndani, yaani basi, treni ya TAZARA, ndege pale Songwe, meli, ni "get on" na "get off". Kile unachoinama ukaketi, yaani teksi na gari dogo, ni "get in" na "get out". Bajaji iweke humo. Pikipiki na baiskeli, kwa kuwa unakaa juu yake, zinarudi kwa "get on" na "get off". Kwa hiyo mgeni akiwa kwenye daladala unamwambia "We get off at Mwanjelwa", na akiwa kwenye teksi unamwambia "You can get out here". Mlima ni "go up" na "go down", au "climb".

Sasa *zima*. Kiswahili kinazima moto, kinazima gari, kinazima simu. Kiingereza kinasema "put out the fire", "turn off the engine", "turn off your phone". Wengi wetu shuleni tulifundishwa "extinguish". Si kosa, na utaikuta imeandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto, lakini jioni kambini mgeni atakwambia "Shall we put out the fire?" na usipoijua utadhani anataka moto utolewe nje.

Halafu *pitia* na *shusha*, zile za kumfuata mgeni na kumfikisha. Hapa Afrika Mashariki tuna tabia ya kukata kineno: "I will pick you at six", "I will drop you at the hotel". Na mteja asipopokea simu tunasema "He is not picking". Wageni wanatuelewa, lakini "pick" bila "up" kwao ni kuchuma, kama wanavyochuma chai Tukuyu. Sema "I'll pick you up", "I'll drop you off", "He isn't picking up". Na ukishasema "six", kumbuka six yake ni saa kumi na mbili yetu. Sarufi safi haitamsaidia mgeni aliyekungoja barazani tangu alfajiri huku wewe ukijiandaa kwa saa sita.

Baada ya hapo fanya mwenyewe na *tafuta*, *tunza* na *tazama*: "look for", "look after", "look at". Kitenzi kimoja cha Kiingereza, vitatu vyetu.

Hatua ya 3: Weka "it" na "me" mahali pake

Vitenzi vingine vinakubali kutenganishwa. Unaweza kusema "turn off the engine" au "turn the engine off", zote sawa. Lakini ukitumia neno fupi kama "it", "him", "me" au "them", lazima likae katikati: "turn it off", "pick me up", "put it out". "Turn off it" haisemwi kabisa.

Vingine havitenganishwi hata kwa dawa: "look after him", "look for it", "get on it". Utajuaje? Fungua kamusi za wanaojifunza, kama za Oxford au Cambridge, zipo bure intaneti. Angalia neno "somebody" au "something" limewekwa wapi. Likiwa katikati, kitenzi kinapasuka. Likiwa mwishoni tu, kiache kizima.

Vya maneno matatu ni rahisi, vingi havipasuki: "run out of", "put up with", "look forward to". Hiki cha mwisho kinafuatwa na "-ing", kwa hiyo ujumbe wako kwa mteja uwe "I look forward to meeting you", siyo "to meet you". Na ile "cope up with" tunayoipenda sana haipo. Ni "cope with".

Hatua ya 4: Tunga safari yako

Chukua njia unayoipita mara nyingi, uandike sentensi moja kwa kila tukio. Mfano wangu ni wa Ngozi:

"We set off at seven." Tunaondoka saa moja asubuhi.
"We turn off the main road at Uyole." Hapa "turn off" si kuzima, ni kuacha barabara kuu na kushika ile ya Tukuyu.
"Put on your jacket." Vaa koti. Kuvua ni "take off", ambayo pia ni ndege kuruka.
"Slow down, it's slippery." Punguza mwendo, panateleza.
"Hold on to the roots." Shika mizizi. Kwenye simu "hold on" ni subiri kidogo.
"Let's wait, they will catch up." Tusubiri, watatufikia.
"Shall we carry on or turn back?" Tuendelee au turudi? "Carry on" haina mzigo wowote.

Msemo mmoja ujue kuuitikia hata usipousema: "Look out!" Mtu akipiga kelele hivyo usianze kuchungulia nje. Ruka pembeni kwanza.

Mvua ikizidi mna mawili: "put off" ni kuahirisha, "call off" ni kufuta kabisa. Usivichanganye kwa mteja aliyekwisha kulipa, maana akisikia cha pili ataanza kuuliza hela yake.

Hatua ya 5: Sema kwa sauti

Katika vitenzi vinavyopasuka, uzito wa sauti unaangukia kineno: pick him UP, turn it OFF. Vikigeuka kuwa jina, uzito unahamia mwanzo na mara nyingi vinaandikwa pamoja. Gari "breaks DOWN", lakini ulichopata njiani ni "a BREAKdown". Wa mapokezi, mgeni "checks OUT" saa nne, na muda wenyewe ni "CHECKout time". Jirekodi kwenye simu ukisoma zile sentensi za safari yako, kisha bonyeza sauti iliyopo kwenye kamusi ulinganishe. Ukisikia kineno chako kinamezwa mwishoni, rudia hicho tu.