Unataka patio ikae Mediterania hapa Nairobi? Anza na sakafu na ukuta, mito ya bluu ingoje

Wengi wakitaka baraza ikae kama zile za Ugiriki ama Uhispania wanaanza kwa kununua vitu, mito ya bluu, taa za Moroko, ngazi ya kuegemeza ukutani, na wakimaliza ni baraza ile ile tu, imejaa vitu. Ile sura haitoki kwa mapambo. Angalia vizuri picha za visiwa vya Ugiriki, chenye unaona ni ukuta mweupe wa chokaa, sakafu ya mawe ama ya udongo wa kuchoma, na kivuli. Vyote vilikuja juu ya jua lao la kiangazi, na vyote vinapatikana hapa hapa Nairobi bila kuagiza kontena.

Lakini kuna kitu lazima ukijue kabla hujaita fundi. Kule mvua inanyesha wakati wa baridi, halafu kiangazi kinakauka kabisa. Sisi tuna mvua ya Machi hadi Mei na ile nyingine ya Oktoba hadi Desemba, na ikishuka inashuka kweli kweli. Kwa hivyo swali la kwanza ni maji yatapita wapi, rangi baadaye.

Sakafu ndio ya kuanza. Kama unakaa upande wa Embakasi, Syokimau ama Kitengela, uwezekano mkubwa uko juu ya ule udongo mweusi wa pamba, wenye ukilowa unafura na ukikauka unapasuka, na ukilaza mawe juu yake moja kwa moja yatapanda na kushuka hadi yaachane. Utolewe, mjaze murram, mshindilie vizuri. Juu yake mawe ya Mazeras, yale bapa ya kutoka Pwani, yanakaa poa sana, yana ile rangi ya mchanga na vumbi la kale, na usimruhusu fundi akate kila jiwe likae mraba sawa sawa, acha yapishane saizi. Mwambie aweke mteremko wa sentimita moja na nusu hivi kwa kila mita, maji yakimbie mbali na nyumba. Kama Mazeras ni ghali kwako, piga simiti na oksaidi nyekundu, ile ya nyumba za zamani, inafanana sana na vigae vya udongo vya kule. Tu usiing'arishe na polishi hadi iteleze, hapo nje mvua inafika.

Sasa ukuta. Kama fensi yako ni ya mawe ya Ndarugo usihangaike na plasta, yale mawe yenyewe yakipakwa chokaa juu yanabaki na mabonde mabonde, na hiyo ndio uzuri wake wote. Fundi atakwambia, "Madam, chokaa ni ya mabanda, si tupake tu rangi ya silki?" Usikubali, silki inang'aa na ukuta wa Mediterania haung'ai. Nunua chokaa ya unga, vaa glavu na miwani juu inachoma ngozi na macho, changanya na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, tia chumvi kidogo isikauke mbio, iache ilale usiku, kisha ichuje na kitambaa. Siku ya kupaka, lowesha ukuta kwanza, na upake wakati jua halijaupiga. Mkono wa kwanza utaona ni kama umepaka maji, mawe bado yanaonekana yote, usiogope na usiongeze uzito, ngoja. Ikianza kukauka weupe unajitokeza polepole, na kesho yake unarudia, mikono mitatu ama minne myembamba. Ukipaka mzito mara moja itabanduka kama magamba. Na kama ukuta tayari una rangi ya kawaida ya mafuta ama ya plastiki chokaa haitashika, hapo ni afadhali utafute rangi nyeupe isiyong'aa kabisa uishi na hiyo.

Kuna shida moja ya kwetu kabisa, ule udongo mwekundu. Mvua ikipiga chini, matone ya matope yanaruka na kuchafua ukuta mweupe hadi karibu na magoti. Weka kokoto ama changarawe chini ya ukuta, upana wa futi moja hivi, tone likianguka halina matope ya kurusha. Ama paka sehemu ya chini rangi ya udongo wa kuchoma, hata kule wako na nyumba nyingi zenye ukanda wa rangi chini.

Kivuli: hapa tuko karibu na ikweta, saa sita jua liko karibu juu ya kichwa mwaka mzima, kwa hivyo pagola, ile fremu ya kivuli ya nguzo na mbao, mbao zikiachana sana ni urembo tu, haikukingi na kitu. Simamisha nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, weka fito juu, halafu tandika matete ama mikeka ya mafunjo. Kisha panda bogenvilia kwa nguzo moja. Asili yake ni Amerika Kusini lakini imeenea Mediterania yote, na hapa mtaani ukitaka tawi utapewa na jirani bure. Ikishika usiimwagie maji kila siku, ukiibembeleza sana inatoa majani matupu.

Mimea ya vyungu nayo, rosmari, lavenda, oregano, jerania, mlimau mmoja kwa chungu kikubwa cha upana wa nusu mita. Nasari za kando ya barabara ya Ngong na ile ya Kiambu zinauza mingi ya hii. Lavenda ndio inakufa kwa watu wengi, na si jua linaiua, ni maji. Chungu kiwe cha udongo na kiwe na shimo, mchanganyiko uwe na mchanga na kokoto ndogo kwa wingi, na mvua ya Aprili ikianza isogeze chini ya paa. Mzeituni wa Ulaya utamea lakini usitarajie zeituni, unahitaji baridi ya msimu ili utoe maua vizuri. Mimi ningekushauri utafute mzeituni wetu wa mwitu, ule Wakikuyu wanaita mutamaiyu, wa jamii moja kabisa na ule wa kule. Pindua jani uone, juu ni kijani cha kung'aa na chini lina rangi ya dhahabu iliyofifia, upepo ukipita mti wote unabadilika rangi. Unakua polepole, kwa hivyo nunua mkubwa kidogo kama mfuko unaruhusu.

Kama umepanga na landilodi hataki ukuta uguswe, weka nguvu kwa vyungu na kivuli, na uulize kwanza balkoni inabeba uzito gani, chungu kikubwa chenye udongo uliolowa ni kizito kuliko unavyodhani.

Mito na meza ndio sasa zinakuja. Chagua rangi moja, bluu ama ile ya udongo. Vitambaa vya kitani na pamba nzito utavipata Gikomba kwenye mapazia ya mitumba, na meza ya chuma yenye miguu myembamba fundi wa jua kali anakuchomelea ukimpelekea picha. Taa ziwe za mwanga wa manjano, angalia kwa boksi imeandikwa 2700K, zile nyeupe za 6500K zitafanya chokaa yako ikae kama ukuta wa hospitali. Na Julai usisahau jiko la makaa pale kando, mahali pa wazi hewa inapita, juu baridi ya jioni itawarudisha nyote ndani kabla chai haijaisha.