Kubadilisha giaboksi ya Beetle: kagua kwanza, fungua baadaye

Gari niliyoletewa gereji hapa Dodoma ni Volkswagen Beetle ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenyewe alishafunga injini ya sisi 1600, lakini giaboksi ilikuwa ileile ya 1200. Akienda Singida injini inalia njia nzima, na gia ya tatu inaruka akiachia mafuta. Tukaamua kufunga giaboksi ya Beetle 1500 ya mwaka 1967.

Hatua ya 1: Ijue giaboksi kabla hujatoa hela

Kazi yote imelala hapa. Kufungua na kufunga ni bolti tu, ila giaboksi isiyolingana na gari huwezi kuilazimisha.

Tazama ekseli. Gari za zamani zina ekseli iliyo ndani ya bomba, inayocheza juu na chini palepale ilipoungana na giaboksi. Za baadaye zina shafti fupi yenye viungo pande zote mbili na mkono wa kushikilia gurudumu. Chasisi ya aina ya kwanza haina sehemu ya kufunga mkono huo, kwa hiyo tafuta giaboksi ya aina yako. Ekseli za 1967 ni ndefu kidogo kuliko za nyuma yake. Chukua giaboksi ikiwa na bomba na ngoma zake za breki.

Kisha hesabu meno ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini linalobeba klachi. Ya gari lenye umeme wa volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130 na ni kubwa zaidi, na injini ya 1600 huja na hiyo kubwa. Ndani ya giaboksi ya zamani tulikuta mtu ameshachimba chuma kwa patasi ili flaiwili ipite. Ukuta ulikuwa umebaki mwembamba mno. Giaboksi ya volti 12 inaimeza flaiwili hiyo bila kuguswa.

Sasa pima uwiano, yaani shafti ya klachi inazunguka mara ngapi ekseli zikizunguka mara moja; usiamini maneno ya muuzaji. Weka gia ya nne. Mwenzako ashike ekseli moja isizunguke, wewe zungusha ya pili mizunguko miwili kamili huku ukihesabu shafti ya klachi, uliyoiwekea alama ya chaki. Ikizunguka karibu mara 3.9, difu (gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) ina uwiano wa 4.375, ile ya 1200. Ikiwa kama 3.7, ni 4.125. Ikiwa chini kidogo ya 3.5, ni 3.875. Yetu ilitoa 3.7, maana yake kwa mwendo uleule injini itapunguza mizunguko kwa karibu asilimia 6.

Ukiuziwa giaboksi ya Kombi ya kabla ya 1968, simama kwanza. Kombi hizo zina gia za ziada kwenye magurudumu zinazogeuza mzunguko. Ukiifunga kwenye Beetle bila kuhamisha gia kubwa ya difu upande wa pili, utapata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Nimeiona gari ya namna hiyo ikitoka kwenye mawe, na kazi yote ikafunguliwa upya.

Hatua ya 2: Shusha injini na giaboksi ya zamani

Toa waya wa betri. Ziba mpira wa petroli, chomoa nyaya, kebo ya mafuta na za hita. Injini imeshikwa na bolti nne za spana 17. Ibebe kwa jeki yenye ubao, ivute nyuma sawasawa mpaka shafti itoke kwenye klachi, ndipo uishushe. Ikining'inia kwenye shafti, klachi pleti inapinda.

Chini ya kiti cha nyuma kuna kifuniko kidogo, ndani yake kiungo cha fimbo ya gia. Kata waya wa usalama, fungua skrubu. Kabla hujalegeza bolti za ekseli kwenye bapa la springi, chora mstari kwa patasi pale vyuma vinapokutana. Mstari huo ndio utakaorudisha magurudumu yakiwa yamenyooka. Malizia na paipu za breki, kebo za hendibreki na klachi, staata, nati za mbele na bolti mbili kubwa za spana 27.

Hatua ya 3: Klachi

Giaboksi za mpaka 1970 hazina bomba la kuongozea rilisi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie), na presha pleti yake, ile inayobana klachi pleti kwenye flaiwili, ina ringi katikati. Kuanzia 1971 bomba lipo, ringi haipo. Usichanganye. Weka klachi pleti katikati kwa kutumia shafti ya klachi iliyotoka kwenye giaboksi ya zamani.

Hatua ya 4: Funga

Rudisha kwa mpangilio wa kinyume. Skrubu ya kiungo cha gia lazima iingie kwenye kishimo cha fimbo. Iguse kwa kidole uhakikishe, kaza, kisha ifunge waya mpya. Mipira ya ekseli ibane gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, la sivyo inajikunja na kupasuka, na vumbi letu linaingia kwenye oili.

Oili ni ya gia, daraja la GL-4, lita 2.5 hivi. Inaingia polepole: mimina, subiri, ongeza mpaka ichuruzike kwenye tundu la pembeni. Pedeli ya klachi iwe na mchezo, yaani ishuke kwa ulegevu kabla haijaanza kukaza, wa milimita 10 hadi 20.

Hatua ya 5: Barabarani

Nilimwambia mwenye gari jambo moja kabla hajaondoka. Feni ya injini hii inazungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, kwa hiyo mizunguko ikishuka, upepo wa kupoza nao unashuka. Akifika kwenye mlima wa Sekenke na mzigo, arudishe gia ya tatu mapema, asiikokote ya nne.