Nadharia na Mbinu za Utafiti katika Masta ya Ustawi wa Jamii: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Lubumbashi

Mwanafunzi anayeanza masta ya ustawi wa jamii hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, awe amepitia ISES (chuo cha elimu ya jamii) au kitivo cha sayansi za jamii cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), hukutana na masomo mawili ambayo mara nyingi hayasemezani: somo la nadharia upande mmoja, na somo la mbinu za utafiti upande mwingine. Matokeo yake huonekana siku ya kutetea memwari, yaani tasnifu ya mwisho wa masomo. Sura ya kwanza inaeleza nadharia tatu au nne kwa heshima zote, sura ya tatu inajaa majedwali ya asilimia, na hakuna sentensi hata moja inayoonyesha kwamba ile ya kwanza ilibadilisha chochote katika ile ya tatu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyaunganisha masomo hayo tangu miezi ya mwanzo, na unakazia jambo ninaloliona linasahauliwa kuliko mengine yote, yaani lugha ambayo watu hutumia kutujibu.

Swali litoke kwenye staji

Katika mfumo wa LMD (licence, masta, doktora), masta ni miaka miwili yenye krediti 120, na sehemu kubwa ya muda huo huliwa na masomo ya darasani. Kwa hiyo swali la utafiti linafaa liwe limekomaa kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Usilitafute vitabuni kwanza. Fungua daftari lako la staji, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na utafute tukio lililokusumbua, ambalo maelezo ya haraka hayakulitosheleza.

Tuchukue mfano mmoja na twende nao hadi mwisho. Asistanti sosiali (mfanyakazi wa ustawi wa jamii) anamrudisha nyumbani, katika komini ya Kenya, sehemu mojawapo ya mji wetu, mtoto aliyekuwa akilala barabarani. Familia inampokea kwa furaha, na baada ya majuma matatu mtoto ameondoka tena. Wanafunzi wengi wangeandika: "Kwa nini watoto huishi barabarani?" Swali hilo ni pana mno, nalo lina majibu tayari kichwani mwa kila mpita njia. Swali linaloweza kufanyiwa kazi ni hili: kati ya familia zilizompokea tena mtoto, ni nini kinachofanya watoto wengine wabaki na wengine waondoke tena? Hapo kuna ulinganisho, kuna watu wanaoweza kupatikana, na jibu lake litamsaidia asistanti anayefanya kazi hiyo kesho asubuhi.

Pima nadharia kwa kile inachokulazimisha kuuliza

Nadharia huchaguliwa kwa kazi inayofanya. Chora safu tatu katika ukurasa wa daftari: nadharia hii inanifanya nione nini, inanidai nikusanye data gani, na inanificha nini. Kisha ipitishe kila nadharia katika safu hizo kwa swali lako mwenyewe, si kwa mifano ya kitabu.

Nadharia ya mfungamano, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia wa Uingereza John Bowlby, inatazama uhusiano wa mtoto mdogo na mtu anayemlea. Ukiifuata, utauliza ni nani aliyemlea mtoto huyu katika miaka yake ya kwanza, ni lini walitenganishwa, na kama mtu huyo ndiye aliyempokea aliporudi. Data yake ni mazungumzo marefu na watoto wachache, pamoja na historia ya maisha inayosimuliwa polepole. Inachoficha ni mchango wa walezi wengine, na mama mzazi huishia kubeba lawama peke yake. Hatari hiyo ni kubwa hasa hapa kwetu. Kwa Walamba na Wabemba, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto. Kwa Waluba, ukoo hufuata upande wa baba. Mwanafunzi asiyeuliza mtoto ni wa ukoo upi anaweza kumhoji mtu asiye na uamuzi wowote juu ya kubaki au kuondoka kwake.

Mtazamo wa ikolojia ambao mwanasaikolojia wa Marekani Urie Bronfenbrenner aliuandika kikamilifu mwaka 1979 unakupeleka nje ya nyumba. Mtoto yumo ndani ya mazingira yanayozungukana: nyumba na shule, uhusiano kati ya hivyo viwili, mahali pa kazi pa wazazi ambapo mtoto mwenyewe hafiki, na sheria na imani zinazowafunika wote. Sasa itakubidi uzungumze na mwalimu, mkubwa wa avenyu (kiongozi wa barabara ya mtaa) na mchungaji wa kanisa. Chora pia pamoja na familia ramani ya mahusiano, chombo ambacho Mmarekani Ann Hartman alikiingiza katika ustawi wa jamii miaka ya 1970: nyumba katikati, watu na taasisi pembeni, mstari mnene palipo na msaada na mstari wenye vistari vifupi vinavyoukata palipo na ugomvi. Karatasi hiyo moja huleta mazungumzo ambayo maswali ishirini hayaleti.

Upo pia mtazamo wa kimuundo, unaotafuta chanzo cha taabu katika mpangilio wa uchumi na madaraka. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa miongo mingi kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye Gécamines iliyoirithi, iliwapa wafanyakazi wake nyumba, shule, hospitali na hata vituo vya kijamii vya kuwafundisha wake zao, kiasi kwamba watu waliisema kampuni kuwa ni baba na mama. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoteza kazi hiyo pamoja na yote yaliyoambatana nayo. Mwanafunzi anayeshika mtazamo huu atakusanya historia ya kazi ya kila nyumba, vizazi viwili nyuma, na atalinganisha. Lakini ajihadhari: mtoto mwenyewe, na hofu yake na uamuzi wake, anaweza kutoweka nyuma ya historia ya mgodi.

Ushauri wangu ni kuchagua nadharia moja iwe uti wa mgongo, na nyingine moja ya kuihoji. Zaidi ya hapo memwari inakuwa maonyesho. Wala usione aibu kuuweka ujuzi wa ukoo ndani ya mjadala wa nadharia, kwa kuwa maana ya kimataifa ya ustawi wa jamii, iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014, inautaja ujuzi wa wenyeji kuwa mmoja wa misingi ya taaluma hii.

Lugha ya jibu

Katika uchunguzi wangu wa kwanza niliwauliza wanawake wa komini ya Katuba kama wanafanya kazi. Wengi walijibu hapana. Niliandika "hana kazi" katika fomu, na nyuma ya mwanamke aliyenijibu hivyo kulikuwa na magunia ya makala, yaani makaa, aliyokuwa akiuza tangu alfajiri. Katika mji ulioishi kwa mshahara wa kampuni, neno kazi limebaki na maana ya ajira yenye mshahara. Kinachofanywa sokoni ni kujitafutia. Majibu yalikuwa ya kweli kabisa. Swali langu ndilo lililokuwa limetafsiriwa kutoka Kifaransa bila kuuliza neno hilo lina maana gani kwa anayelisikia, na jedwali lililotokana nalo lilikuwa la uongo.

Kosa lingine huja wakati wa kuchambua. Mtu akisema "maisha iko nguvu", anasema maisha ni magumu. Mwanafunzi anayetafuta ustahimilivu wa familia, na ambaye mahojiano yake yametafsiriwa harakaharaka, anaweza kulihesabu neno hilo kuwa ushahidi wa uwezo, kumbe ni kilio. Hapo nadharia imepata uthibitisho ambao hakuna aliyeutoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika maswali yako kwa Kiswahili cha hapa kwanza, kisha yatafsiriwe kwa Kifaransa kwa ajili ya mwalimu anayekuongoza. Mtu mwingine ayarudishe katika Kiswahili bila kuona ya mwanzo, na pale matoleo mawili yanapotofautiana ndipo pana tatizo la dhana. Jaribu maswali kwa watu watano au sita wasio katika sampuli yako, na umwulize kila mmoja: "Uliposikia swali hili, ulielewa ninauliza nini?" Nakili mahojiano kama yalivyosemwa, bila kuyasafisha yawe Kiswahili sanifu. Weka misimbo, yaani majina mafupi unayoyapa mawazo yaliyomo katika mahojiano, kwa Kiswahili pia. Kifaransa kiingie mwishoni, katika nukuu zinazopelekwa ndani ya memwari, na maneno ya asili yabaki kando yake ili mwalimu aweze kupinga tafsiri yako.

Idadi ya watu wa kuhoji

Wanafunzi wengi huandika 384 kana kwamba ni sheria. Namba hiyo hutokana na hesabu inayodhani kiwango cha uhakika cha asilimia 95, kosa la asilimia 5 na mgawanyo wa nusu kwa nusu: 1.96 mara 1.96 mara 0.25, kisha kugawanya kwa 0.0025. Inafaa pale unapotaka kukadiria asilimia katika kundi kubwa lililochaguliwa kwa bahati nasibu. Kundi likiwa dogo, inapungua: kwa familia 250 zilizoorodheshwa, 152 zinatosha. Ukichagua kwa mafungu, avenyu baada ya avenyu, inabidi iongezwe, mara nyingi kwa kuzidishwa kwa moja na nusu au mbili, kwa sababu majirani hufanana.

Ugumu wetu ni orodha yenyewe. Nchi haijafanya sensa tangu mwaka 1984, kwa hiyo orodha ya kaya unayoihitaji itabidi uitengeneze. Chagua avenyu kwa kura, zitembee ukiwa na mkubwa wa avenyu, hesabu kila lupango (kiwanja chenye nyumba) na kaya zilizomo, kisha chukua kwa mruko sawa, kwa mfano kila kaya ya nne kuanzia namba iliyopigiwa kura. Lupango moja huwa na kaya tatu au nne. Anayehoji mwenye nyumba tu anawaacha wapangaji, ambao mara nyingi ndio maskini zaidi.

Kwa swali letu la watoto wanaobaki na wanaoondoka, 384 haina maana yoyote. Familia kumi na mbili hadi ishirini, nusu kwa nusu kati ya makundi mawili, zikitembelewa zaidi ya mara moja, zitakupa mengi zaidi. Acha kuongeza familia pale mahojiano mapya yanapoacha kubadilisha misimbo yako, na uandike tarehe ya uamuzi huo katika daftari.

Idhini, na mtoto anayesema kitu kizito

Usidhani karatasi yenye sahihi ndiyo idhini. Mtu ambaye familia yake iliwahi kutia sahihi ya kuondoka kampuni ana sababu nzuri ya kuogopa karatasi. Idhini ya mdomo, iliyorekodiwa, baada ya maelezo kwa lugha anayoielewa, ni halali ikiwa itifaki yako, yaani mpango wa utafiti, imeieleza na kamati ya maadili imeikubali. Kwa mtoto, mlezi akubali na mtoto mwenyewe akubali. Mmoja akikataa, ondoka.

Kabla ya mahojiano ya kwanza, amua utafanya nini mtoto akikueleza kwamba anapigwa au anaitwa mchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumshutumu mtoto kwa uchawi, na inamtambua asistanti sosiali kama mtu anayeweza kumweka mtoto mahali salama na kumjulisha jaji wa watoto. Andika jina la huduma utakayoipigia simu, hakikisha inapokea, na mweleze mtoto mwanzoni kabisa kwamba siri ina mpaka huo. Mtoto aliyeahidiwa siri kamili kisha akaona mgeni mlangoni hatasema tena na asistanti yeyote.

Majuma sita kabla ya kuikabidhi memwari, rudi kwa familia tatu au nne na uwasomee kwa Kiswahili mambo makuu uliyoyapata. Nenda na kalamu. Watakaposema "hapana, haikuwa hivyo", usitetee. Andika walichosahihisha, tarehe na mahali, na ukiweke katika sura ya matokeo kando ya tafsiri yako ya kwanza.