Kutafiti historia ya mji wenu mkiwa sekondari: mfano wa Tanga

Kosa kubwa hufanyika kabla daftari halijafunguliwa: kundi linachagua mada "Historia ya Tanga". Wiki sita baadaye wamenakili yale yale yaliyonakiliwa na waliowatangulia, kwamba reli ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na mkonge ukatajirisha wageni. Ni kweli yote, lakini hapo hakuna utafiti.

Punguzeni mada mpaka iingie mtaa mmoja na miaka kama 15. Kwa mfano: "Nani walihamia Barabara ya 12, Ngamiani, kati ya 1960 na 1975, na walifanya kazi gani?" Lipimeni swali hivi: wapo wazee watatu wanaoweza kulijibu kwa waliyoyaona wenyewe? Kipo kitu cha kutazama kwa macho, kama nyumba, kaburi, kisima au msikiti? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, badilisheni swali.

Kundi la watu watano linatosha. Mkuu wa shule awape barua ya utambulisho, nanyi muipeleke kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye ndiye anayejua mzee gani bado ana kumbukumbu nzuri na yupi anaumwa. Msiruke hatua hii. Vijana wanaopita nyumba hadi nyumba wakiuliza "kiwanja hiki kilikuwa cha nani?" hudhaniwa wametumwa na watu wa ardhi, na baada ya hapo mtaa mzima hunyamaza. Semeni mapema kwamba hamfuatilii umiliki wa viwanja. Asili ya utumwa katika ukoo nayo msiiulize; mwenyewe akiitaja, sikilizeni, kisha mwombeni ruhusa kabla ya kuiandika.

Waende wawili tu kwa mzee mmoja, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kuandika. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, ombeni ruhusa ya kurekodi. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati, ilazwe juu ya kanga iliyokunjwa, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, na feni izimwe. Jaribuni sekunde kumi na msikilize kabla ya kuanza. Dakika 45 zinatosha, maana saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi kuiandika neno kwa neno. Zawadi kama kilo ya sukari itolewe mwishoni, isije ikaonekana mnanunua majibu.

Msiulize "ilikuwa mwaka gani?" Wazee wengi watakisia ili wasiwavunje moyo. Ulizeni tukio lilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana: Uhuru (Desemba 1961), Mapinduzi ya Zanzibar (Januari 1964), Azimio la Arusha (Februari 1967), Vita vya Kagera (1978–79). Au muulizeni mama mtoto gani alikuwa mgongoni siku ile, kisha mtafute mwaka aliozaliwa mtoto huyo. Njia hii ya mwisho ndiyo tunayoiamini zaidi.

Makaburi ya Waislamu mara nyingi huandikwa mwaka wa Hijria. Zidisheni mwaka huo kwa 0.97, kisha jumlisheni 622. Kaburi la 1332 linatoa 1914, ingawa jibu laweza kupishana na ukweli kwa mwaka mmoja.

Jihadharini na "lilijengwa na Mjerumani". Karibu kila jengo lenye kuta nene husemwa hivyo, hata lililojengwa na Waingereza baada ya 1919. Tafuteni tarehe iliyochongwa ukutani, au linganisheni na picha za zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka kwenye intaneti maelfu ya picha za makoloni ya Ujerumani, nanyi mnaweza kutafuta humo kwa neno Tanga. Miji mingine ilibadilishwa majina, na Lushoto hamtaipata msipoandika Wilhelmstal. Nyaraka za Kijerumani na za Kiingereza ziko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ombeni ruhusa kwa barua mapema, msifunge safari kwanza.

Tovuti tatu zilizonakiliana ni chanzo kimoja. Chukueni vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambapo jeshi la Uingereza la askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu kama 1,000. Nyuki walishambulia wapiganaji, kisha kukaenea habari kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Andikeni nani alisema nini, lini, na alikuwa upande gani. Wapagazi na wakazi waliokimbia makwao wamepata nafasi finyu mno katika maelezo ya maofisa, na hapo ndipo masimulizi yaliyobaki katika familia za Tanga yana thamani kubwa.

Kila rekodi ipewe jina siku hiyo hiyo, kwa mtindo huu: tarehe, mtaa, namba ya mzee (si jina lake). Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye kompyuta ya shule. Mkishaandika, rudini mkamsomee mzee sehemu yake kwa sauti. Atasahihisha majina ya watu, na mara nyingi atakumbuka jambo ambalo mara ya kwanza hakulisema, kwa hiyo nendeni na simu yenye chaji.